Komadre Hatumwi

Tk.

Mlio ulikuwa huo, mara moja tu, kama kijiti cha kiberiti kilichovunjwa na mtu asiyetaka kusikika. Chumba chetu hakikuwa na dirisha, kwa hiyo giza la mle ndani halikujua alfajiri wala adhuhuri. Baada ya mlio ule kioo cha simu ya ukutani kilijaa mwanga wa buluu, mwanga ukamwagika kitandani, na sauti ya Senyora Fiorella ikaingia kabla sijaipata blauzi yangu.

"Zenita, kahawa. Halafu mgeuze huyo mtoto, anakoroma."

Nilimgeuza. Hakuwa anakoroma, masikini. Alikuwa na mafua, na pua yake ndogo ilikuwa inapiga filimbi. Nilipomgeuza nywele zake zilinifunika mkono mpaka kwenye kiwiko, nzito, zina joto la usingizi, na nilitamani kulala tena ndani yake. Lakini kioo kilikuwa bado wazi.

"Nakuja, Senyora."

Mwanangu anaitwa Illari. Wakati huo alikuwa na miaka minne na mkasi ulikuwa haujamgusa tangu azaliwe. Kwetu, juu milimani Huancavelica, nywele za tumboni hazikatwi ovyo. Mtoto anaachwa nazo mpaka atembee, aseme, ajue nani ni nani kwake. Ndipo siku inapangwa, nywele zinafungwa vishungi kwa utepe, na ndugu mmoja mmoja anakata kishungi chake na kumwachia mtoto kitu cha kuanzia maisha. Anayetangulia kukata ndiye mama au baba wa ubatizo, padri awepo asiwepo. Akiwa mwanamke, kuanzia hapo yeye na mama mzazi wanaitana komadre, na hilo si jina la mzaha. Komadre unamtembelea, unamlilia akifiwa, unagombana naye ukipenda. Kumtuma tu ndiyo huwezi. Mama yangu alikuwa na komadre jirani, na mtu akimwambia amwagize yule mama kuni au maji, alikuwa anang'aka: "Komadre hatumwi!"

Mjomba Saturnino alikuwa amemtengea Illari mwanakondoo jike. Tulikuwa tunangoja sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, ng'ombe wanapotogwa masikio na kutiwa utepe, kwa sababu ndipo ndugu wote hukusanyika. Ruhusa nilishaomba. Nilimweleza Senyora habari yote, ya nywele na ya mama wa ubatizo, naye alikuwa anasogeza kidole kwenye simu yake. Alisema, "Sawa, sawa, siku mbili tu."

Nyumba ilikuwa mpya, kwenye vilima vya La Molina, jijini Lima, bado inanuka rangi na gundi ya vigae. Kabla ya hapo Senyora na mumewe, Senyor Renzo, walikuwa wanaishi ghorofani karibu na bahari, mimi nikilala kwao na Illari akilelewa na shangazi yangu upande wa pili wa jiji. Tulikuwa tunaonana Jumapili. Kila Jumapili ilinibidi nimzoeshe upya kwamba mama yake ni mimi. Shangazi alipofariki nilimwendea Senyora nikiwa na machozi mfukoni, tayari kuyatoa.

"Mlete," alisema hata kabla sijalia. "Nyumba mpya ina chumba cha huduma. Ila nisimsikie, Zenita. Siku nikimsikia, anapanda basi kwa bibi yake."

Nilimshukuru mpaka nikajionea haya. Na siku ile ile nikaanza kumfundisha mwanangu kunong'ona. Niliufanya mchezo: sisi ni sungura wa majabali, mwewe yuko juu. Akaushika upesi. Alijifunza kutembea kwa vidole, kupiga chafya ndani ya mto, na kucheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Mama wengine wanajivunia mtoto kuimba. Mimi nilijivunia hilo.

Fundi wa vioo aliitwa Wilber, mtu wa Huancayo, milimani kama sisi, mnene, mwenye drili iliyokuwa inaitetemesha nyumba nzima hadi vijiko kabatini. Alipitisha nyaya kila mahali. Getini aliweka jicho la kamera na kengele, mlangoni jicho jingine, sebuleni kioo kikubwa kama mlango wa kabati, kisha jikoni, bustanini, chumbani kwa wenye nyumba, na chumba cha kufulia. Ungeweza kuwa popote ukaitwa kutoka popote, ukaonana na anayekuita uso kwa uso. Cha mwisho kilikuwa chetu.

"Dada wa milimani," aliniambia, amesimama mlangoni na kitambi chake kimetangulia ndani, "hapa unalala wewe au unalala ufagio?"

"Wote wawili."

"Na nani anakoroma?"

Illari akacheka kwa mabega. Wilber akamtazama, akainama.

"Huyu ni bubu?"

"Ana adabu," nikasema.

"Adabu gani hiyo! Hebu sema, binti: fundi ana kitambi."

Illari alinitazama kwanza. Nilipokubali kwa kichwa alimsogelea sikioni akanong'ona: "Fundi ana kitambi."

"Lo! Na ana siri pia," Wilber akasema. Akashika kishungi kimoja cha nywele zake kwa ncha za vidole, kwa heshima, kama mtu anayepima sufi. "Bado hajakatwa. Nani atatangulia?"

"Mjomba wangu."

"Mwambie asiwe bahili."

Senyora akaingia wakati huo, amejikunyata kwa sababu ya vumbi. Wilber akasimama wima.

"Senyora, kila kioo kina tabia mbili. Naweza kukiweka kilie mpaka mtu abonyeze, au kifunguke chenyewe ukiita tu, uone na usikie papo hapo. Vingine vyote nimeviweka vilie. Hiki je?"

"Hiki kifunguke."

"Ni chumba cha kulala, Senyora. Saa nyingine mtu anakuwa..."

"Ni chumba cha huduma. Nikimwita sitaki kumngoja. Au nyumba ni yako, fundi?"

"Yako, Senyora. Mimi hata ninayolala ni ya mama mkwe."

Hakucheka. Wilber naye hakucheka tena. Senyora alipoondoka nilimuuliza kama kuna namna ya kukizima kwa ndani. Akatikisa kichwa. Namba ya siri ilikuwa kwa mwenye nyumba.

"Tundika kitambaa, dada," alisema huku anakusanya vipande vya nyaya sakafuni. "Kitambaa hakina namba ya siri."

Nilitundika. Kilikuwa kitambaa cha maua, cha shangazi yangu. Asubuhi yake, tk, na Senyora akasema:

"Zenita, nimenunua kamera ili nione maua yako? Toa hicho kidude."

Nikakitoa.

Watu wa zamani walisema ukuta una masikio. Ukuta wetu ulipewa na jicho. Lilikuwa dogo, jekundu, juu ya kitanda. Tuligundua kwamba nyuma ya mlango wa kabati ukiwa wazi halikuoni, na hapo ndipo tulipokuwa tunabadilishia nguo, mmoja mmoja. Hapo pia nilikuwa nafanyia kazi za shule. Nilikuwa nasoma masomo ya jioni, nikimaliza vyombo, na Illari nilikuwa namchukua anasinzia kwenye dawati la nyuma. Siku moja sikuwahi kujificha.

Tk. "Unaandika nini?"

"Sentensi changamano, Senyora. Mwalimu ametupa."

"Sufuria zangu ndizo zilizochanganyika. Njoo uzipange." Na nyuma yake nikasikia kicheko cha dada yake, Antonella, ambaye alikuwa haishi kuja kukiona kioo. Walikuwa wanatufungulia kama watu wanavyofungua televisheni, kwa dakika moja, kuona kama kuna kitu.

Jioni nyingine walitukuta namchana Illari.

"Hizo nywele zitaniziba mabomba," alisema Senyora. "Zikate."

"Zinangoja sikukuu, Senyora. Nilikuambia."

"Na chawa wanangoja?"

"Hana chawa."

"Basi mwambie mjomba wako aharakishe."

Hata hivyo nilikuwa na furaha. Lazima niliseme, maana bila hilo hamtaelewa. Kila usiku nililala na mwanangu ameniwekea mguu tumboni. Nilikuwa nahesabu kwamba akifika umri wa kuanza shule nitakuwa nimemaliza masomo yangu, nitapata kazi ya kwenda na kurudi, na chumba chenye dirisha. Ilitosha kungoja. Ilitosha asisikike.

Kisha wakaibatiza nyumba.

Kwa watu wa Lima hata nyumba hupata mama wa ubatizo. Antonella ndiye aliyechaguliwa. Jumapili adhuhuri, wageni wamejaa uani wakiwa na makoti mazuri, alipiga chupa yenye utepe mlangoni, povu likaruka, watu wakapiga makofi, akalia kidogo kwa furaha. Mimi nilikuwa nyuma na ufagio wa kuzoa vigae vya chupa.

Asubuhi hiyo nilimwambia Illari: "Leo sungura anyamaze kuliko siku zote. Nitakuletea keki."

"Na mshikaki?" alinong'ona.

"Na mshikaki."

Nilikuwa nimechoma mishikaki ya moyo wa ng'ombe tangu mapema, na viazi vya mchuzi wa jibini vilikuwa tayari mezani. Wageni walipoingia sebuleni Senyor Renzo alisimama mbele ya kile kioo kikubwa, glasi mkononi. Alikuwa si mtu mbaya, Senyor Renzo. Alikuwa mtu wa kupenda kuchekesha, na hiyo inaweza kuwa mbaya zaidi.

"Tazameni. Geti!" Geti likatokea, na mlinzi anayepiga miayo. Watu wakacheka. "Bustani! Jikoni!" Wakaziona sufuria zangu.

"Na chumbani kwenu je?" Antonella akapiga kelele.

"Hicho kinalia kwanza, shemeji, tupate muda wa kujifunika!" Kicheko kikapanda. "Ila kuna kimoja hakilii."

Akabonyeza kabla sijaiweka trei chini.

Illari alikuwa katikati ya kitanda, amepiga magoti na mikono. Alikuwa amefungua nywele zote, zimemfunika uso na mabega mpaka kwenye shuka, naye alikuwa anatambaa polepole, anatikisa kichwa, anaguguna ukingo wa blanketi. Mimi nilijua ni nini. Alikuwa anacheza yule mwanakondoo wake.

"Fiorella!" Antonella akapiga yowe. "Mnafuga alpaka wa milimani humu ndani?"

Sebule yote ikalipuka.

"Manyoya ya daraja la kwanza hayo!"

"Anatema mate?"

"Mimi nimeshaanza kuwashwa," alisema mwanamke mwenye bangili, akijikuna chini ya bangili zake. "Kweli, nawashwa! Nipisheni!"

Senyora Fiorella hakuwa anacheka. Shingo yake ilikuwa imetoka mabaka mekundu. Aibu yake siku zote ilianzia shingoni.

"Ni wa mfanyakazi," alisema. "Nilishamwambia. Ngojeni." Akapita karibu yangu bila kunitazama. "Wewe zungusha mishikaki. Usitoke hapa."

Nikazungusha. Nilidhani anakwenda kumwambia atulie. Nilikuwa nimempa mzee mmoja mshikaki wa pili aliposema mtu: "Kimya, kimya, anaingia!" kama watu wanaotazama mechi. Nikageuka.

Senyora alikuwa ndani ya kioo, chumbani kwetu, na mkononi alikuwa na mkasi wa jikoni, ule wa kukatia kuku. Illari alikaa kitako. Aliziondoa nywele usoni aone nani amekuja. Senyora akazikusanya zote kwa mkono mmoja, karibu kabisa na ngozi, kama mtu anayeng'oa karoti, akakata.

Wilber alifanya kazi nzuri. Kila kitu kilifika sebuleni, wazi, na sauti yake. Ule mkasi haukuwa mkali, ilibidi utafune. Mwanangu hakulia. Aliweka mikono yote miwili mdomoni akaibana, na macho yake yakatazama juu, kwenye lile jicho jekundu, yaani yalinitazama mimi, ila yeye hakujua. Mabega tu yalikuwa yanatikisika.

"Oneni," alisema yule wa bangili, "anacheka. Amefurahi, masikini."

Trei niliiweka kwenye mapaja ya mtu, sijui nani. Nikakimbia.

Nilipofika kazi ilikuwa imekwisha. Nywele zilikuwa sakafuni na kwenye shuka na kwenye viatu vya Senyora. Kichwa cha Illari kilikuwa na mabonde na vichaka, mahali pengine ngozi tupu, na juu ya sikio palikuwa na mchubuko unaotoa damu kidogo. Nilimpakata. Alininong'oneza, "Sikulia, mama."

"Tayari," Senyora akasema, akiupuliza mkasi. "Umeona? Hata hakulia. Utakuja kunishukuru. Kesho umpeleke kituo cha basi. Watu wamemwona, Zenita, sasa watanisema mji mzima."

"Senyora, hukumsikia. Ulisema ukimsikia. Hujawahi kumsikia."

"Nimemwona. Imetosha."

Ningeweza kupiga kelele. Nilijaribu kuitafuta sauti ya kupiga kelele, sikuipata, ilikuwa imezoea kujificha. Badala yake nikashika jambo moja, kama mtu anayetumbukia mtoni akashika mzizi.

"Senyora, wewe ndiye uliyetangulia kumkata."

"Na nimemaliza, bila ya huyo mjomba."

"Nilikueleza siku ninaomba ruhusa. Anayetangulia kukata nywele za tumboni ndiye mama wa ubatizo. Sasa ni wewe. Illari ni mtoto wako wa ubatizo, na mtoto wa ubatizo hafukuzwi. Na mimi ni komadre wako."

Kisha ukuta ukacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba kioo kiko wazi, na wao wote wamo mle, wamesongamana kichwa kwa kichwa, na midomo yao inang'aa mafuta ya mishikaki yangu.

"Komadre!" Antonella alikuwa anajifuta machozi. "Fiorella, hongera, umepata ndugu!"

"Mke wangu, lipa kondoo!" Senyor Renzo akasema.

"Komadre Zenita, huku hakuna barafu! Lete barafu!"

Sikufikiri. Ulitoka mdomoni mwangu ule msemo wa mama yangu, kwa lafudhi ile ile ya mama yangu:

"Komadre hatumwi."

Hilo liliwafurahisha kuliko yote. Mtu alipiga meza. Mtu alilirudia akiiga lafudhi yetu ya milimani. Senyora alinitazama muda mrefu. Mabaka ya shingoni yalianza kushuka, na nikaona anatabasamu. Kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nilidhani amekubali.

Akajigeuza kidogo ili kamera imwone vizuri.

"Mmesikia? Komadre hatumwi. Ni sheria za kwao, na mimi ni mtu wa kuheshimu mila." Wakacheka. "Sawa, komadre. Mtoto nimempokea. Hafukuzwi. Atakula, atavaa, nitamsomesha, shule iko hapo chini tu. Ila wewe siwezi kukutuma tena, si ndivyo? Siwezi kukutuma kahawa. Siwezi kukutuma sokoni. Sasa niambie, una kazi gani nyumbani kwangu? Fungasha vitu vyako, komadre. Jumapili utakuwa unakuja kumwona."

Wageni walishangilia kama mpira umeingia wavuni.

"Mchukue angali mdogo hivyo hivyo," Antonella alisema kutoka ukutani, na sasa hakuwa anatania. "Mama yetu alilea wawili wa namna hii. Waliingia hawafiki mezani, wakatoka wazee. Hawajui kingine, hawaombi kingine."

"Mshoneeni aproni ndogo!"

"Ndogo kabisa, yenye utepe!"

Senyora akachuchumaa mbele ya Illari. Alinukia vizuri, alinukia kitu cha maua.

"Utakaa na mama yako wa ubatizo? Chumba hiki kitakuwa chako peke yako."

Illari alinitazama kujua kama anaruhusiwa kusema.

Neno shule lilinishika. Ile shule nilikuwa naipita kila siku nikienda sokoni. Ina uwanja wa majani na watoto wanaotoka wakiwa na filimbi za muziki mkononi. Mimi ningempa nini? Nilikuwa na begi moja na mwaka mmoja na nusu wa masomo ya jioni. Nilifikiri, naye Senyora aliona ninafikiri, akangoja kwa subira, kama mtu aliyekwisha kutia ndoano. Halafu nikautazama ule ukuta usio na dirisha, kile kitanda, lile jicho. Nikamwona mwanangu anaamka humo peke yake, anatafuta blauzi yake gizani.

"Hapana, Senyora."

"Hapana nini?"

"Hapana, komadre."

Hakuna aliyecheka mara hii, au labda walicheka nami sikusikia. Nilitoa begi chini ya kitanda nikatia nguo zetu, vitabu vyangu, na kikombe cha Illari. Kisha nikapiga magoti na kile kitambaa cha maua, nikaanza kuokota nywele. Nywele za tumboni hazikanyagwi wala hazitupwi. Nilikuwa naziokota kishungi kwa kishungi, na Illari akashuka kitandani akawa ananisaidia kwa vidole vyake vidogo. Vishungi vingi vilikuwa chini ya kiatu cha Senyora.

"Inua mguu, komadre," nikamwambia.

Hakuinua. Alikuwa ananitazama kutoka juu, mikono imekunjwa, na mkasi umening'inia kidoleni. Nilivuta taratibu, nywele zikakatika. Nikaacha zilizo chini ya kiatu, nikafunga kitambaa.

Hakuna aliyetuzuia. Tulipita mlango wa huduma, tukapita karibu na mapipa, tukafika getini. Mlinzi alikuwa ameangalia chini, anachezea kofia yake. Aliponyosha mkono kufungua, kibao cha kengele ya getini kikasema kwa sauti ya Senyora:

"Bado. Afungue begi mbele ya kamera. Polepole, nione."

Nikalifungua. Nilitoa kimoja kimoja nikakiinua mbele ya lile jicho, sketi, soksi za mtoto, sarufi, chupi zangu. Nyuma ya sauti yake nilisikia vijiko na sahani, walikuwa wameanza kula viazi.

"Na hicho kitambaa."

"Unajua ni nini, komadre."

"Kifungue."

Manyunyu yalikuwa yameanza, yale ya Lima ya Julai ambayo hayaanguki, yananing'inia tu hewani na kukulowesha kwa ujanja. Nikafungua fundo. Nywele zikapata unyevu zikang'aa. Sauti ya Antonella ikasema kwa mbali, mdomo umejaa: "Amebeba manyoya yake!" Geti likalia, likafunguka.

Nilijua pa kwenda. Eulalia, tunayekaa naye dawati moja shuleni, ana chumba mtaa wa Ate, na aliwahi kuniambia kwamba godoro lake likilaliwa kwa upana linatosha watu watatu. Kutoka pale ni mteremko mrefu mpaka barabara ya mabasi, ukuta upande huu, ukuta upande ule, na juu ya kila geti jicho lake. Illari alitembea kwa vidole. Tulipopita geti la tatu au la nne alinivuta sketi, nami nikainama kama kawaida, nikamtegea sikio.

"Sema tu, mwanangu," nikamwambia. "Hii ni barabara."

Aliangalia nyuma, akaniangalia mimi. Mkono mmoja alikuwa ameuweka juu ya utosi wake. Kisha akasema kwa sauti nzima, sauti nene kidogo kuliko nilivyodhani:

"Mama, kichwa changu kina baridi."